Kabla ya Kuuliza Bei, Uliza Jina la Fundi

Mtungi ninaowekea maji ya kunywa niliununua gulioni Kilosa, miaka kumi na kitu iliyopita. Una tumbo pana na shingo fupi, na begani umezungushiwa vidoa vidogo vya mshazari vilivyogandamizwa kwa gunzi la mhindi. Maji yake hukaa baridi hata mwezi wa kumi na moja. Mwaka jana mdomo wake uligonga kona ya meza ukaingia ufa, nikarudi gulioni kutafuta mwingine wa mkono uleule. Nilizunguka na picha kwenye simu kutwa nzima. Kina mama wauza vyungu waliitazama, wakasema wazi kwamba si kazi yao, wakaniuliza: "Anaitwa nani huyo mama?" Sikuwa na jibu, kwa maana siku ile nilipokinunua chombo niliuliza bei tu.

Naanza na habari hiyo kwa sababu swali ninaloulizwa mara nyingi, na zaidi na vijana wanaochora, ni hili: sisi wa Kilosa na Mikumi, tusio na jumba la maonyesho wala nyumba ya sanaa, tutaziona wapi kazi za wasanii na wabunifu wa leo? Jibu ninalo, na sehemu yake kubwa inahitaji nauli ya treni. Lakini hatua ya kwanza haihitaji hata shilingi. Ni kuzoea kuuliza jina la mtu aliyekitengeneza kitu. Asiyeuliza jina gulioni hataliuliza hata akifika Dar es Salaam, atarudi na picha za simu na asijue ameona kazi za nani.

Kwetu neno "msanii" limemezwa na muziki, na si ajabu: jimbo la Mikumi liliwakilishwa bungeni na Profesa Jay kuanzia mwaka 2015 hadi 2020, na mkoa mzima wa Morogoro unajivunia Mbaraka Mwinshehe hadi leo. Kwa hiyo ukimwambia mama anayefinyanga kwamba yeye ni msanii, atacheka. Naye mchonga mbao atakwambia yeye ni fundi. Usibishane nao. Tumia neno lao, ila itazame kazi yao kwa jicho lilelile ambalo ungeitazama kazi iliyotundikwa ukutani.

Anza na ufinyanzi, kwani hapo ndipo wilaya ya Kilosa ina utajiri wa zamani, hasa kwa wanawake wa Kikaguru wa upande wa milimani. Usiishie kuona vyungu vimepangwa chini ya mwembe. Omba kwenda nyumbani anakofinyangia. Hakuna gurudumu. Udongo unatwangwa, unachanganywa na mchanga au vigae vilivyosagwa ili usipasuke motoni, kisha kitako kinawekwa juu ya kigae cha zamani na kuta zinapandishwa kwa miviringo ya udongo, mmoja juu ya mwingine. Mama anazunguka chungu, chungu hakizunguki. Ndani anakwangua kwa kipande cha kibuyu, nje anasugua kwa kokoto laini la mtoni mpaka udongo ung'ae. Kokoto lile hurithiwa. Nimeshika moja ambalo upande mmoja limelika kabisa kwa kusuguliwa miaka na miaka, na kidole gumba kinakaa pale kama kimechongewa. Vyombo hukauka kivulini kwa siku kadhaa kabla ya kuchomwa nje kwa nyasi, magome na kuni. Ukipata bahati ya kufika siku ya kuchoma, kaa mpaka mwisho, usiwe na haraka ya kupiga picha.

Unaponunua, kigonge chungu kwa kifundo cha kidole. Kizima hulia. Chenye ufa usioonekana hutoa sauti butu. Halafu muulize mama jina lake na kijiji chake, uliandike kwa kalamu ya wino chini ya kitako, hapohapo mbele yake. Nimefanya hivyo mara kadhaa sasa, na kila mara mama mwenyewe amekikagua chombo upya kabla ya kunikabidhi.

Mikumi ni mji wa namna nyingine. Ni mji wa barabara. Malori ya kwenda Zambia na Kongo hulala pale, mabasi ya Mbeya na Songea hupumzika pale, na barabara kuu inakatiza katikati ya hifadhi iliyotangazwa mwaka 1964. Kwa hiyo kinachouzwa Mikumi si lazima kiwe kimetengenezwa Mikumi, na hapo ndipo msafiri na hata mwenyeji wanapochanganyikiwa. Kikapu kizuri cheupe kilichosukwa kwa milulu karibu hakika kimeshuka kutoka nyanda za juu za Iringa, mikononi mwa wanawake wa Kihehe. Kinyago cha mpingo huenda kimetoka Dar es Salaam. Picha ya tembo mwenye macho makubwa na madoa mgongoni nayo ni ya Dar es Salaam. Shanga ndizo huenda zimetungwa karibu zaidi, kwa kuwa jamii za Wamasai, Waparakuyo wakiwemo, wanaishi na kufuga katika wilaya hii, na siku ya mnada wa ng'ombe ni siku nzuri kuliko zote za kuona shanga zikiwa zimevaliwa na wenyewe. Geuza mkufu utazame nyuma: kazi ya kuvaliwa na wenyewe ina mshono mmoja, uliobana, bila vifundo vinavyoning'inia. Kazi ya kuuzia wapita njia mara nyingi imeharakishwa.

Kuna sanaa nyingine ya Mikumi ambayo haiuzwi kabisa na inatoweka upesi: maandishi na michoro ya mkono. Tazama kuta za saluni za kiume, milango ya maduka ya vipuri, na zile raba zinazoning'inia nyuma ya magurudumu ya malori. Kwa miaka mingi fundi wa maandishi alikuwa ndiye mbunifu wa mji: yeye ndiye aliyeamua herufi za hoteli ziinameje, na kinyozi awe na kichwa cha mtindo gani ukutani. Sasa mabango ya kuchapwa kwa mashine yanachukua nafasi yake, na ukuta ukipakwa rangi mpya kazi yake imekwisha. Kijana mwenye simu anaweza kufanya jambo la maana sana hapa. Piga picha kila ukuta kabla haujafutwa, muulize mwenye duka nani aliuchora na mwaka gani, uhifadhi. Sijui kumbukumbu nyingine ya kazi hizi zaidi ya hiyo.

Nakuonya kuhusu jambo moja ukiwa karibu na hifadhi. Bangili za singa za mkia wa tembo, meno, makucha, ngozi, magamba ya kakakuona: hizo ni nyara za serikali chini ya Sheria ya Uhifadhi wa Wanyamapori ya mwaka 2009, na kuwa nazo bila kibali ni kosa hata kama uliuziwa kama pambo. Usizishike hata kwa kuzitazama tu. Kwa mpingo, dai risiti. Na ujue kuutambua: mpingo ni mzito hata huzama majini, na mchongaji mwaminifu mara nyingi huacha mahali fulani ule ukingo wa rangi ya maziwa unaozunguka kiini cheusi. Kinyago chepesi kinachonuka dawa ya viatu si mpingo.

Sasa tupande treni.

Tangu Julai 2024 treni ya umeme inakwenda kutoka Dar es Salaam hadi Dodoma, na Kilosa ni moja ya stesheni zake. Angalia ratiba vizuri, kwa kuwa si kila treni husimama Kilosa. Ile ya haraka ambayo watu huiita mchongoko ina vituo vichache. Beba kitambulisho. Aliyekulia Kilosa akisubiri treni ya mizigo ipite ndipo avuke reli ataelewa nikisema kwamba treni hii imeileta Dar es Salaam karibu na mtoto wa kijijini kuliko ilivyopata kuwa. Anayetoka Mikumi ana njia mbili: aende Kilosa kwa barabara inayopita kijiji cha Ulaya akapandie hapo, au achukue basi hadi Morogoro mjini.

Usijaribu kuona yote kwa siku moja. Kwa safari ya kwanza nashauri sehemu tatu, kwa mpangilio wa kijiografia ili usipoteze nauli ukirudi nyuma.

Anzia Posta, kwenye Makumbusho na Nyumba ya Utamaduni, Mtaa wa Shaaban Robert. Wengi huipita haraka wakikimbilia mabaki ya binadamu wa kale. Wewe ulizia mwana hiti. Ni kinyago kidogo cha mti, kiwiliwili kilichonyooka kama mchi, bila mikono, na kichwani nywele zilizogawanyika mafungu mawili. Wazaramo, Wakwere, Waluguru na Wakaguru wamekitumia katika unyago wa wasichana, kwa hiyo bibi zetu wa Kilosa walikijua. Mchongaji ameondoa kila kisichohitajika, akabakiza umbo ambalo mbunifu yeyote wa leo angejivunia. Vingi vya namna hii vimo katika makumbusho ya Ulaya, na kwenye kadi pembeni pameandikwa "Zaramo" au "Kwere". Jina la aliyechonga halipo, kwa sababu aliyenunua hakuuliza. Kama kwenu bado kipo kimoja, usimwuzie mgeni kwa bei yoyote. Kikibaki nyumbani bado kuna bibi anayeweza kueleza kilichongwa na nani.

Kutoka hapo nenda Oysterbay, eneo linaloitwa Morogoro Stores. Jina hilo tu linatosha kumkaribisha mtu wa mkoa wetu. Hapo ndipo Edward Saidi Tingatinga, mzaliwa wa Tunduru wa mwaka 1932, alipouza picha zake mwishoni mwa miaka ya 1960: vipande vya mraba vya hardboard, rangi za kupaka baiskeli, mnyama mmoja au wawili, na usuli wa rangi moja. Alichora kwa miaka michache tu. Mwaka 1972 alipigwa risasi na polisi waliomdhania mhalifu, akafa. Wanafunzi na ndugu zake waliendeleza, na mwaka 1990 wakaunda chama cha ushirika ambacho karakana zake ziko hapo hadi leo. Nenda usione picha zilizotundikwa mbele tu. Pita nyuma wanakokaa wachoraji sakafuni au kwenye viti vifupi, makopo ya rangi yakiwa wazi. Tazama mkono unavyoweka doa. Kwanza usuli, unaachwa ukauke, kisha umbo, kisha doa ndani ya doa. Kwa kuwa rangi ile ni nzito na inakauka polepole, gusa picha pembeni kabla ya kununua. Ikinata, mwombe asiikunje, la sivyo utafungua nyumbani ukute tembo ameacha ngozi upande wa pili.

Na hapo usome sahihi. Kila picha ina jina kwenye kona. Utaanza kugundua kwamba "Tingatinga" si mtu mmoja wala mtindo mmoja: kuna anayependa ndege, kuna anayejaza soko zima la watu kwenye turubai moja, kuna anayebaki na chui peke yake. Chagua jina moja ulifuate. Ni jambo dogo linalobadilisha namna ya kutazama, na tangu nilipoanza kulifanya sijawahi kutoka pale nikiwa nimechoka macho.

Sehemu ya tatu ni Nafasi Art Space, Mikocheni, iliyoanza mwaka 2008. Wasanii wana vyumba vya kazi ndani ya makontena ya meli, na kuna ukumbi wa maonyesho. Kwa kijana anayechora hii ndiyo muhimu kuliko zote, kwa sababu hapa ataona sanaa isiyofanana na aliyoizoea: picha za nyuzi na taka za plastiki, sanamu za vyuma, video, uchapaji. Baadhi zitamkera. Baadhi hatazielewa, na hapo amuulize msanii mwenyewe. Wapigie simu au tazama kurasa zao mtandaoni kabla ya kwenda ili ujue nini kinaonyeshwa, na ukiweza lenga siku ya ufunguzi wa maonyesho, maana siku hiyo wasanii wote wapo na wana nafasi ya kuongea.

Ukilala Dar es Salaam, siku ya pili ongeza Mwenge kwa wachongaji, na Alliance Française au Goethe-Institut kule Upanga kama kuna maonyesho. Mwenge pana makelele ya kuuziwa. Pita maduka ya mbele, fuata sauti ya tezo. Penye vumbi la mbao ndipo pa kuulizia jina.

Kwa mavazi, fahamu kwamba Swahili Fashion Week, aliyoianzisha mbunifu Mustafa Hassanali mwaka 2008, kwa kawaida hufanyika mwishoni mwa mwaka. Lakini somo kubwa la ubunifu wa vitambaa tumejifunga kiunoni. Tandika kanga yoyote chini. Ina pindo, ina mji, ina jina. Jina la kanga ni ule usemi wake, na kila mwanamke wa Mikumi anaweza kukutajia majina ya kanga zake zote. Ila jina la aliyeuchora mji ule, akaamua embe au korosho likae pembeni, halimo kitambaani. Nimeuliza wauzaji wengi, hawalijui. Hicho ni kilio changu cha zamani, na sitachoka kukisema.

Ambaye kwake Dar es Salaam ni mbali apande basi la kwenda upande wa pili. Iringa mjini, baada ya kupanda Kitonga, kuna Neema Crafts, kituo kilichoanza mwaka 2003 ambako watu wenye ulemavu hufuma, hushona, hutunga shanga na hata kutengeneza karatasi kwa kinyesi cha tembo. Unaruhusiwa kuingia karakana na kuwaona wakifanya kazi. Mtu wa Mikumi anayekiona kinyesi kile barabarani kila asubuhi anapaswa kuiona karatasi hiyo kwa macho yake. Na asiyeweza kusafiri zaidi ya Morogoro mjini angoje wiki ya kwanza ya Agosti: maonyesho ya Nanenane ya kanda ya mashariki hufanyika pale kwenye viwanja vya Mwalimu Nyerere, na pembeni ya matrekta na mbegu kuna mabanda ya vikundi vya kina mama wenye vikapu, mikeka, batiki na vyungu. Watu hupita mbio kwenda kuona ng'ombe wa maziwa. Simama.

Neno kwa mzazi mwenye mtoto anayechora kwenye madaftari ya hesabu. Usimchape. Mfikishe mara moja tu mahali anapoweza kumwona mtu mzima akiishi kwa kazi hiyo. Sam Ntiro alikuwa mtoto wa Machame aliyechora mashamba na sherehe za kwao, na mwaka 1960 jumba la sanaa la MoMA la New York lilinunua picha yake ya watu wakipeleka pombe ya ndizi kwa bibi harusi usiku. Baadaye akawa balozi wa Tanganyika mjini London. George Lilanga, Mmakonde, inasimuliwa aliingia Nyumba ya Sanaa ya Dar es Salaam kama mlinzi, akatoka na jina linalojulikana Ulaya na Marekani. Na mwaka 2024 Tanzania ilishiriki kwa mara ya kwanza na banda lake katika maonyesho makubwa ya Venice, kwa kazi za Happy Robert, Naby, Haji Chilonga na Lute Mwakisopile. Wachoraji wengi wa tembo hawajawahi kumwona tembo akivuka lami alfajiri, ukungu ukiwa bado magotini mwake. Watoto wa Mikumi wamemwona. Hicho ni kitu ambacho mwalimu wa Dar es Salaam hawezi kuwafundisha.

Kijana aliyekwisha kuanza kuuza, weka sahihi yako kwenye kila kazi, piga picha kila kipande kabla hakijaondoka, na ujisajili Baraza la Sanaa la Taifa (BASATA). Chini ya Sheria ya Hakimiliki ya mwaka 1999 mchoro wako ni mali yako tangu unapouchora. Ukinakiliwa, picha zenye tarehe ndizo ushahidi utakaokwenda nao Ofisi ya Hakimiliki. Na wewe mnunuzi, punguza bei kwa adabu. Kabla ya kutaja bei yako, muulize kazi ilimchukua siku ngapi, ugawanye fedha kwa siku hizo, uone kama wewe ungekubali kulipwa hivyo.

Mimi nimerudi gulioni mara tatu tangu mtungi wangu upate ufa. Mara ya mwisho mzee mmoja muuza tumbaku aliniambia mama mwenye vidoa vya mshazari alikuwepo, alikuwa akikaa upande wa mwembe, na hajaonekana kwa misimu miwili. Jina lake hata yeye halikumbuki. Gulio lijalo nenda na kalamu.